Kilemba cha Ukoka Si Ujira wa Mwuzaji

Mji wa Tunduma huamka mapema. Kabla jua halijapanda, malori yaendayo Zambia na Kongo yamekwisha kujipanga kando ya barabara kuu itokayo Mbeya, wabadilisha fedha wameshika vitita vya shilingi na kwacha, na mama lishe wamewasha majiko yao. Katika saa hizo hizo si ajabu kuona vijana wa kike na wa kiume, wamevaa fulana za rangi moja, wamesimama duara mbele ya ofisi ndogo, wanapiga makofi, wanaimba na kuitikia maneno ya msimamizi wao. Aliyeuza sana jana huitwa mbele akashangiliwa. Asiyeuza huulizwa mbele ya wenzake kama kweli anataka maisha mazuri. Kisha duara huvunjika na kila mmoja hushika njia yake, huyu stendi, yule sokoni, mwingine vijiji vya Momba na Mbozi, akiwa amechukua laini za simu, taa za sola, vidonge vya lishe au fomu za mikopo.

Hakuna ubaya wa vijana kuimba asubuhi. Wakulima huimba shambani, wavuvi huimba wakivuta nyavu, na kazi yenye wimbo huwa nyepesi. Lakini lipo swali ambalo watumishi wa umma na walimu wa mkoa wa Songwe wanapaswa kulitafakari, kwa sababu vijana hao ni watoto wao na wanafunzi wao wa jana. Swali lenyewe ni hili: je, makofi yale ni nyongeza juu ya ujira, au ndiyo ujira wenyewe?

Wahenga walikuwa na jina la sifa zitolewazo ili mtu atumike bila kujitambua. Walisema amevikwa kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani. Kilemba chake hupendeza asubuhi kikiwa kibichi, lakini jua likipanda hunyauka, na aliyekivaa hubaki kichwa wazi mbele ya watu.

Yafaa kukumbuka mambo yalivyokuwa zamani, ili pasiwe na mtu wa kudhani kwamba biashara ya jana ilikuwa ya malaika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa zilikuwa haba kote nchini. Sabuni, sukari na khanga zilitafutwa kwa foleni, na mnunuzi ndiye aliyembembeleza mwuzaji. Katika hali hiyo hakuna aliyehitaji kumhamasisha mwenye duka, kwani alichokuwa nacho kilikwisha kabla hakijafika rafuni. Mambo yalianza kugeuka mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe. Leo bidhaa ndiyo inayomkimbilia mnunuzi. Tunduma, mji ambao sensa ya mwaka 2022 iliukuta na wakazi zaidi ya laki mbili, umekuwa lango kubwa la biashara ya kusini, hasa tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilipofunguliwa mwaka 2019. Palipo na bidhaa nyingi na wanunuzi wenye fedha kidogo, mwenye bidhaa huhitaji jeshi la wauzaji. Na jeshi hilo lazima lipewe sababu ya kutoka nyumbani kila asubuhi.

Sababu iliyo halali ni ujira. Lakini ujira ni gharama, na baadhi ya wenye mali wamegundua kwamba ziko sababu nyingine zisizogharimu kitu. Ya kwanza ni sifa: cheti cha karatasi, picha ya mwuzaji bora wa mwezi, cheo cha umeneja kisicho na mshahara. Ya pili ni aibu: majina yote hubandikwa ukutani au kutumwa kila jioni katika kundi la simu, wa mwisho akionekana na wote. Ya tatu ni tumaini: huletwa mtu aliyevaa suti akaeleza kwamba naye alianza kwa miguu na sasa ana gari, wala hakuna anayeuliza wangapi walianza naye na wako wapi. Ya nne ni undugu: kijana huambiwa kwamba kampuni ni familia, na anayedai nauli yake huonekana kama mtoto asiye na adabu.

Ya tano ndiyo kali zaidi, nayo ni lawama. Kijana hufundishwa kwamba kushindwa kokote kunatoka moyoni mwake. Mvua ikinyesha siku nzima, au mahindi yakikosa bei na mkulima wa Mbozi akawa hana senti, kijana ataambiwa kwamba hakuamini vya kutosha. Mafunzo ya namna hiyo yana faida moja kubwa kwa anayeyatoa: hasara yote ya biashara hutolewa mabegani mwa mwenye mtaji ikawekwa mabegani mwa asiye na kitu.

Walimu wa hesabu wanaweza kulithibitisha jambo hili ubaoni. Chukulia kijana anayelipwa kamisheni tu, shilingi 5,000 kwa kila kifaa anachouza. Chukulia kwamba kwa siku hutumia shilingi 2,000 za nauli na 3,000 za chakula na vocha, na kwamba hufanya kazi siku 26 kwa mwezi. Gharama zake ni shilingi 130,000. Akiuza vifaa 30 atapata shilingi 150,000, na kitakachobaki mkononi mwake ni shilingi 20,000 kwa mwezi mzima wa jua na vumbi. Akiuza vifaa 25 atakuwa amefanya kazi mwezi mzima akidaiwa shilingi 5,000. Kampuni itakuwa imeuza vifaa 25. Yeye atakuwa amepigiwa makofi.

Mbinu hizi hazikuzaliwa Tunduma. Nyingi zilipangwa kwa utaratibu nchini Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1884 mfanyabiashara John H. Patterson alishika kampuni ndogo mjini Dayton, katika jimbo la Ohio, iliyotengeneza mashine za kuwekea na kuhesabia fedha madukani, akaiita National Cash Register. Mwaka 1887 maneno ya kumshawishi mnunuzi yaliandikwa katika kijitabu, na wauzaji wakatakiwa kuyajua kwa moyo. Baadaye Patterson alianzisha shule ya wauzaji, akamwekea kila mmoja kiwango cha mauzo, na waliokifikia wakaingizwa katika klabu ya heshima. Thomas Watson, aliyefunzwa kazi hapo, alizichukua mbinu hizo hadi katika kampuni iliyokuja kuitwa IBM, ambako wafanyakazi walikuwa na kitabu cha nyimbo za kuisifu kampuni yao na kiongozi wake.

Habari hiyo husimuliwa katika semina nyingi, lakini husimuliwa nusu. Nusu inayoachwa ni kwamba Patterson alimgawia kila mwuzaji eneo lake, na mashine iliyouzwa katika eneo hilo ilimpatia mwenye eneo kamisheni, hata kama yeye mwenyewe hakushiriki kuiuza. Mwuzaji hakunyang'anywa mteja na mwenzake wala na mwajiri. Patterson hakuwa mtu mpole. Alifukuza watu kazi kwa ghafla, na Watson mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Hata hivyo alijua kwamba kiwango cha mauzo bila ulinzi wa jasho la mwuzaji ni mjeledi tu. Walioiga huku kwetu wamechukua wimbo na ubao wa majina, wakaliacha eneo lenye ulinzi. Ndiyo maana pale stendi vijana wanne wa kampuni moja huweza kuonekana wakimvuta abiria mmoja kwa pande nne.

Wapo wasemao kwamba fedha haimhamasishi mtu, na kwamba wataalamu wamelithibitisha hilo. Mara nyingi hutajwa jina la Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwaka 1959, pamoja na wenzake, alitoa kitabu kilichotokana na mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Ni kweli kwamba Herzberg aliona mshahara peke yake hauleti ari ya kazi; ari huletwa zaidi na mafanikio, kutambuliwa, wajibu na kazi yenyewe. Lakini alisema pia kwamba mshahara mbaya na usimamizi mbaya huleta chuki na manung'uniko. Tena yafaa kutazama ni nani waliohojiwa. Walikuwa wahandisi na wahasibu, watu wenye ajira na mishahara. Kulichukua neno lililosemwa juu ya watu walioshiba na kumhubiria mtu asiyejua atakula nini jioni si elimu. Ni hila.

Mkoa wa Songwe wenyewe una mfano wa hamasa ya kweli, nao ni reli ya TAZARA. Ujenzi ulianza mwaka 1970, reli ikafika mpakani Tunduma mwaka 1973, na mwaka 1976 njia yote ya kilometa 1,860 ilikabidhiwa rasmi, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina waliijenga. Nyimbo na maneno ya kutia moyo hayakukosekana, na manung'uniko pia hayakukosekana. Kati ya Mlimba na Makambako, palipokuwa na mahandaki na madaraja mengi, kazi ilikuwa ngumu na ya hatari, na wapo waliotoroka. Lakini kibarua wa reli alikuwa na mambo mawili. Alikuwa na ujira, mvua inyeshe au isinyeshe. Tena aliiona kazi yake: jioni reli ilikuwa mbele zaidi kuliko asubuhi, na msimamizi wa Kichina aliyemhimiza alikuwa naye matopeni, ameshika sururu. Maneno ya hamasa hupata uzito pale anayeyasema anapobeba sehemu ya mzigo. Msimamizi anayehimiza kutoka kwenye kiti, kwa kamisheni inayokatwa katika jasho la wale anaowahimiza, hana haki ya kujilinganisha na hao.

Ubaya wa jambo hili hukamilika pale bidhaa inapotoweka kabisa na kubaki hamasa peke yake. Wananchi wengi wanaikumbuka DECI. Waliojiunga hawakuambiwa kwamba wanaweka fedha. Waliambiwa wanapanda mbegu, na kwamba baada ya muda watavuna. Lugha hiyo ya shambani na ya kanisani iliingia mioyoni haraka kuliko tangazo lolote. Mwaka 2009 Serikali iliingilia kati, na mwaka 2013 mahakama mjini Dar es Salaam iliwatia hatiani viongozi wake. Ilidhaniwa kwamba somo limeeleweka. Lakini mapema mwaka 2025 vyombo vya dola vililazimika tena kuwatahadharisha wananchi na kuwakamata watu katika mikoa kadhaa, safari hii kwa mtandao uliojulikana kama LBL, uliowaahidi watu malipo kwa kazi nyepesi za kwenye simu.

Mkulima wa kahawa wa Mbozi hakupaswa kudanganyika kwa neno mbegu. Anajua kwamba mche wa kahawa humtaka asubiri kiasi cha miaka mitatu kabla ya kuchuma chochote cha maana, na kwamba katika miaka hiyo ni palizi, mbolea na dawa. Hapana mbegu iotayo kwa sababu jirani naye amepanda. Hesabu yake ni fupi. Ikiwa kila mtu anatakiwa kuleta watu watano, hatua ya kwanza ni watu 5, ya pili 25, ya tatu 125, ya nne 625, ya tano 3,125, ya sita 15,625, ya saba 78,125. Hatua ya nane ni watu 390,625, nao hawapatikani Tunduma yote. Hatua ya tisa ni watu 1,953,125, hali mkoa mzima wa Songwe, kwa sensa ya mwaka 2022, una watu milioni moja na laki tatu na kitu, pamoja na vichanga. Wa mwisho kuingia ndio wengi, na hao ndio wanaoliwa.

Hapo ndipo watumishi wa umma na walimu wanapoingia, tena kwa njia mbili. Kwanza, wao ndio mnunuzi anayewindwa. Mshahara wao hujulikana tarehe yake na hukatwa kabla haujafika mkononi, kwa hiyo kijana mwenye kiwango cha mauzo kisichofikiwa huelekea chumba cha walimu kama nyuki aendavyo penye ua. Atamwambia mwalimu kwamba mkopo ni mwepesi, kwamba wenzake wamekwisha kusaini, kwamba ofa inakwisha leo. Taratibu za Serikali zinataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Lakini mikopo ya pembeni, isiyopitia katika hati ya mshahara, haionekani katika hesabu hiyo, na mwalimu hujikuta akifundisha kwa mwezi mzima kwa faida ya mtu mwingine. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Kuiomba leseni hiyo kabla ya kusaini si utovu wa heshima. Mwalimu akumbuke pia kwamba kijana anayembembeleza naye anasukumwa kutoka nyuma. Maneno anayoyasema si yake. Aliyapewa asubuhi ile katika duara.

Pili, walimu na watumishi hutafutwa wawe wauzaji. Hili ni la hatari zaidi. Mwalimu mkuu, bwana afya au mtendaji wa kata akianza kuuza vidonge au kuandikisha watu katika mtandao, haiuzi bidhaa peke yake. Anauza heshima ambayo wananchi walimpa kwa ajili ya kazi nyingine. Mzazi hawezi kumkatalia kwa urahisi mwalimu wa mtoto wake. Mwenye mtandao analijua hilo, ndiyo maana humtafuta mwalimu kwanza na kumvika kilemba kirefu kuliko wengine.

Hapana anayesema kwamba kamisheni ni dhambi. Mwuzaji hodari anastahili kupata zaidi ya mvivu, na kampuni isiyouza haiwezi kulipa mtu yeyote. Ajira ni haba, na kijana wa Tunduma anayeuza laini za simu anafanya kazi ya heshima kuliko anayekaa kijiweni. Kwa sababu hiyo hiyo kazi yake ilindwe kama kazi nyingine.

Sheria ya kumlinda ipo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 haitazami jina la mkataba peke yake. Inasema kwamba mtu atahesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa hata moja tu kati ya hali zilizotajwa ipo: namna anavyofanya kazi au saa zake za kazi zinasimamiwa na mwingine, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kwa riziki yake, amepewa vitendea kazi, au anamtumikia yeye peke yake. Kijana anayeitwa asubuhi kuimba, akapewa fulana, akapangiwa mtaa na kuulizwa jioni ameuza ngapi, itakuwa vigumu kwa yeyote kusema kwamba huyo ni mfanyabiashara huru. Na aliye mwajiriwa ana haki ya kupewa masharti ya kazi yake kwa maandishi, na ya kutokatwa ujira wake kiholela. Akidhulumiwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa ajili yake.

Haki iliyo katika kitabu lakini haijulikani mtaani ni sawa na dawa iliyofungiwa ghalani. Maofisa kazi wasingoje malalamiko. Waende kwenye duara hizo asubuhi na kuuliza mikataba iko wapi. Maofisa biashara wa Tunduma na Vwawa, wanapokagua leseni, waulize pia wauzaji wanalipwaje. Walimu wa sekondari wanaofundisha hesabu za faida na hasara wazitumie zile za kamisheni na nauli, ili kijana amalizapo kidato cha nne aweze kukokotoa mwenyewe kabla hajavishwa fulana. Na wenye kampuni wajiulize kama wangekubali watoto wao wenyewe walipwe kwa wimbo.

Maswali ya kijana aendaye kuomba kazi hiyo ni machache na hayahitaji ushujaa mkubwa. Nitalipwa nini mwezi ambao sitauza? Nauli ni ya nani? Mteja niliyemtafuta atabaki wangu? Mkataba uko wapi? Mwajiri mwema atayajibu bila kukunja uso. Atakayejibu kwa kusema kwamba anayeuliza hana moyo wa ushindi, amekwisha kujibu.

Ahadi ni deni, na hamasa ni ahadi. Duara za asubuhi za Tunduma ziendelee, nyimbo ziimbwe na mshindi ashangiliwe. Ila makofi yapigwe baada ya ujira kulipwa.